Bawabu Aliyebaki Getini

"Shangazi, kompyuta imekufa."

Mtoto wa kaka yangu alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hata shikamoo akaisahau. Yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya upimaji ardhi, na ndani ya laptopu hiyo mlikuwa na tasnifu yake, ramani zake na vipimo vya miezi minne ya kutembea juani. Jana yake mchana alikuwa ameondoa Ubuntu, mfumo endeshi wa pili aliouweka alipokuwa mwaka wa kwanza, ili apate nafasi ya picha za setilaiti. Kazi ilikwenda vizuri. Alifuta Ubuntu, akaipanua Windows ikachukua nafasi iliyobaki wazi, akaendelea na tasnifu yake hadi usiku, akazima, akalala. Asubuhi alipowasha, skrini ilikuwa nyeusi tupu, na juu kabisa mistari michache ya herufi nyeupe ikisema kwa Kiingereza kwamba patisheni fulani ya diski haipo. Mstari wa mwisho ulikuwa na maneno mawili, "grub rescue", na alama inayopepesa ikisubiri aandike kitu.

Nilimuuliza swali moja tu: umeshampa fundi? Akasema fundi wa jirani na hosteli ameiona na kumwambia dawa yake ni kupiga window upya. Nikamwambia asimpe mtu. Aifunge kwenye begi, apande basi, aje nayo.

Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la fundi wa kompyuta anaujua msemo huo. Kupiga window ni kuifuta diski na kuisimika Windows kuanzia mwanzo. Huondoa karibu kila tatizo la programu kwa kuwa hakibaki kitu cha zamani cha kuleta tatizo, na pamoja na tatizo huondoka hesabu za duka, picha za harusi, barua za marehemu baba. Nimewaona watu wazima wakilia mbele ya benchi hizo. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mara nyingi faili zao hazikuwa zimeguswa na chochote. Ugonjwa wa laptopu ya kijana huyu ulikuwa ndani ya baiti 446. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, kwa hiyo tunazungumzia kitu kisichojaza hata jumbe tatu, kwenye diski yenye nafasi ya mabilioni ya baiti.

Tuanze na hizo baiti. Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, kompyuta haijui Windows ni nini wala Ubuntu ni nini. Kichakataji kinaanza kutekeleza programu ndogo iliyokaa kwenye chipu ya ubao mama, ile ambayo mafundi huiita bayosi. Katika kompyuta za mtindo wa zamani, bayosi ikishahakiki kwamba kumbukumbu na kibodi vipo, huenda kwenye diski na kusoma sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512, kisha huamini chochote ilichokikuta humo na kukitekeleza. Haisomi faili, haielewi folda. Inajua sekta moja tu.

Mpangilio wa sekta hiyo ulikuja Machi 1983, IBM ilipotoa kompyuta ya PC XT yenye diski ya megabaiti 10 pamoja na toleo la 2.0 la DOS. Baiti 446 za mwanzo ni programu ya kuwashia. Baiti 64 zinazofuata ni daftari la mipaka: nafasi 4, kila moja baiti 16, ikieleza patisheni inaanzia wapi, ina ukubwa gani, ni ya aina gani, na kama ndiyo inayopaswa kuwashwa. Baiti 2 za mwisho ni muhuri wa kuthibitisha kwamba sekta ni halali. Nafasi zilikuwa 4 kwa sababu IBM ilitaka mifumo endeshi hadi 4 iweze kugawana diski moja. Tangu diski ngumu ilipoingia ndani ya kompyuta hizi za mezani, basi, ilipangiwa kukaa na wapangaji zaidi ya mmoja.

Programu ya baiti 446 ni bawabu. Bawabu wa Windows hana maneno mengi: anafungua daftari, anatazama ni patisheni ipi yenye alama ya kuwashwa, anaikabidhi kazi, anaondoka. Ubuntu inaposimikwa kando ya Windows, bawabu huyo hubadilishwa. Anakuja GRUB, aliyeanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, mwenye tabia tofauti kabisa. GRUB anataka kukuonyesha orodha, akuulize leo unaingia wapi, akusubiri sekunde kadhaa uamue. Orodha ya namna hiyo haienei ndani ya baiti 446. Kwa hiyo GRUB amejigawa. Kipande cha kwanza kinakaa kwenye sekta ile ya mwanzo, na kazi yake ni kuita kipande cha pili tu. Cha pili, chenye makumi ya kilobaiti, kimejibanza kwenye sekta zisizo na mwenyewe zilizo kati ya sekta ya kwanza na patisheni ya kwanza. Cha tatu, ambamo mna orodha yenyewe na sehemu nyingine za programu, kinakaa katika folda ndani ya patisheni ya Ubuntu.

Hapo ndipo msiba wa asubuhi ile ulipozaliwa. Kijana alibomoa nyumba ya Ubuntu, bawabu wa Ubuntu akabaki getini. Kulipokucha bawabu akaamka kama kawaida, akamwita mwenzake wa pili, mwenzake akaenda kulichukua daftari la wageni kwenye nyumba ambayo haipo. Akarudi na taarifa kwamba patisheni haionekani, akasimama pale akingoja maelekezo. Windows ilikuwa nzima nyuma ya geti. Hakuwepo wa kumfungulia mtu.

Kwa nini basi iliendelea kufanya kazi hadi usiku? Alinishikia hilo kama hoja, akisisitiza kwamba angekuwa amekosea, mambo yangeharibika palepale. Lakini bawabu ana kazi dakika ile tu ya kuingia. Windows ikishawaka, inaishi kwenye kumbukumbu ya muda, na haina haja ya geti mpaka siku nyingine. Unaweza kuvuruga sekta ya kwanza ya diski saa nne asubuhi, ukaandika kurasa ishirini, na usijue lolote mpaka uzime. Ndiyo maana ninamwambia kila anayeondoa mfumo wa pili: ukishamaliza, usilale kabla hujaizima kompyuta na kuiwasha tena mara mbili.

Alipofika, nilimkuta na hofu nyingine kubwa zaidi. Alidhani alipofuta patisheni za Ubuntu huenda amekata na kipande cha tasnifu. Nikamwambia atumie elimu yake mwenyewe. Patisheni ni kiwanja. Daftari la mipaka ni ramani ya upimaji, na namba za mwanzo na ukubwa ni bikoni. Ukifuta patisheni umeng'oa bikoni na kukifuta kiwanja kwenye ramani, ila hukugusa nyumba zilizojengwa juu yake. Zimesimama palepale mpaka mtu apimiwe upya eneo hilo na kuanza kujenga. Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Iko programu ya bure iitwayo TestDisk, kazi ya Mfaransa Christophe Grenier, inayozunguka diski nzima ikitafuta dalili za viwanja vya zamani na kurudisha bikoni mahali pake. Kwa mtu aliyefuta patisheni isiyo yenyewe, na hajaandika kitu juu yake, programu hiyo ni rafiki wa kweli.

Linganisho hili lina mpaka wake, na ni mpaka muhimu. Katika diski za zamani zinazozunguka, data iliyofutwa hukaa hadi iandikiwe juu. Katika diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka, yaani SSD, mfumo endeshi huiambia diski kwamba eneo fulani halina tena mwenyewe, nayo diski hulisafisha kwa wakati wake ili uandishi ujao uwe wa haraka. Ukishafomati upya eneo la SSD, usitegemee kurudisha kitu. Yeye alikuwa na diski inayozunguka, na patisheni ya Windows aliipanua tu, hakuifuta.

Hata hivyo sikuanza na kutengeneza. Kwanza nilitoa mali ndani ya nyumba. Nilichomeka flashi yenye Ubuntu, ile inayowaka moja kwa moja bila kusimikwa, nikaiunganisha na intaneti ya nyumbani, na kwa muda wa saa nzima mfumo aliotoka kuufukuza ndio uliomnakilia tasnifu yake kwenye diski ya nje. Jina Ubuntu limetoka lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, na maana yake ni neno tulilonalo sisi wenyewe: utu. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alilichagua jina hilo kwa mfumo uliotoka mara ya kwanza Oktoba 2004. Saa ile, nikiangalia faili za kijana zikihama moja moja, sikuona jina linalofaa zaidi.

Jambo moja lilijitokeza hapo. Ubuntu ilikubali kusoma patisheni ya Windows, ikakataa kuiandikia. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza kuzima, Windows kwa kawaida haizimi kabisa. Huhifadhi kiini chake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Patisheni inakuwa kama duka lililofungwa huku hesabu za siku hazijafungwa, na mfumo mwingine ukiandika humo unaweza kuharibu. Kwa anayekusudia kugusa patisheni kwa kutumia mfumo mwingine, azime Windows huku ameshikilia kitufe cha Shift, ndipo itakapozimika kweli.

Tiba yenyewe ilikuwa fupi kuliko maelezo yote haya. Niliiwasha laptopu kwa flashi ya kusimikia Windows, lakini badala ya kubonyeza kusimika nikachagua kutengeneza, nikafungua dirisha la amri na kuandika bootrec /fixmbr. Amri hiyo huandika upya zile baiti 446 na kuweka bawabu wa Windows, asiyeuliza maswali. Baiti 64 za ramani haizigusi. Haikuchukua hata sekunde 2. Alama ya kuwashwa ilikuwa bado iko kwenye patisheni ya Windows, kwa hiyo bawabu mpya alijua pa kwenda.

Laptopu yake ni ya mtumba, ya zamani. Anayesoma makala hii akiwa na kompyuta iliyonunuliwa mpya baada ya 2012 karibu hakika ana mtindo mwingine, UEFI, uliotokana na kazi ya Intel ya miaka ya 1990 na baadaye kukabidhiwa kwa jumuiya ya makampuni mwaka 2005. Hapa mambo yamekuwa bora kwa kiasi kikubwa. Programu ya ubao mama imesomeshwa: inaelewa folda na faili. Kwenye diski kuna patisheni ndogo ya pamoja, mara nyingi ya megabaiti 100 hivi ikiwa imeundwa na Windows, na ndani yake kila mfumo una folda yake, moja ya Microsoft, nyingine ya ubuntu. Kwenye chipu ya ubao mama kuna orodha ya mabawabu na zamu zao. Ramani ya viwanja nayo imepanuka kutoka nafasi 4 hadi 128, na nakala yake ya akiba hukaa mwisho wa diski.

Kwa hiyo katika UEFI bawabu wa Windows hafukuzwi Ubuntu inapokuja. Anawekwa zamu ya pili tu. Kumrudisha ni suala la kuingia kwenye mipangilio ya ubao mama, kwa F2, Delete au kitufe kingine kulingana na mtengenezaji, na kuipandisha Windows juu ya orodha. Na hilo ndilo linalopaswa kufanywa kwanza, kabla ya kufuta chochote. Ninaona watu wengi wakianza na nyumba na kumalizia na geti, wakati geti ndilo linaloamua kama kesho utaingia. Ipandishe Windows, zima, washa. Ikiingia moja kwa moja bila kupitia menyu ya GRUB, hapo nyumba ya Ubuntu imebaki bila anayeitegemea, na unaweza kuifuta kwa zana ya kusimamia diski iliyomo ndani ya Windows. Patisheni za Linux utazitambua kwa kuwa Windows haizipi herufi, ila usitegemee alama hiyo peke yake, maana ile patisheni ndogo ya pamoja nayo haina herufi, na ya kutengenezea Windows pia. Pima kwa ukubwa. Kama Ubuntu ulikuwa umeipa gigabaiti 60, tafuta 60.

Ukishafuta, Windows itakubali kupanuka kuelekea kiwanja kilichopakana nayo upande wa kulia tu. Kama patisheni ya kutengenezea imekaa katikati, kitufe cha kupanua kitakuwa kimefifia na hakitabonyezeka. Hujakosea popote. Kuna jirani kati yenu, na kumhamisha kunahitaji programu nyingine na uvumilivu, au ufanye alichofanya dada mmoja ninayemfahamu: akaitengeneza nafasi iliyobaki kuwa diski D ya picha na muziki, akaacha kuhangaika.

Folda ya ubuntu kwenye patisheni ya pamoja itabaki. Haili nafasi ya maana, na anayetaka usafi anaweza kuifungua patisheni hiyo kwa amri ya mountvol akiwa msimamizi na kuifuta folda hiyo peke yake. Aliye na mashaka aiache.

Kuna jambo moja ninalotaka lisomwe polepole. Kompyuta nyingi za sasa zenye Windows 10 na 11 hufunga diski kwa BitLocker, wakati mwingine mwenyewe asijue. Chipu ya usalama hukumbuka jinsi kompyuta inavyoamka, na ukibadilisha zamu za mabawabu inaweza kuona kama geti limevamiwa. Itadai ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo hakuna fundi, hakuna TestDisk, hakuna amri itakayofungua diski hiyo. Kabla ya kugusa mpangilio wowote wa kuwashia, itafute namba hiyo kwenye akaunti yako ya Microsoft, iandike kwenye karatasi, uiweke mbali na kompyuta.

Na mabawabu wawili hugombana hata pale mwenye nyumba hakugusa kitu. Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama lililokataza matoleo ya zamani ya programu za kuwashia zenye kasoro. Kusudi lilikuwa jema, lakini kompyuta nyingi zenye mifumo miwili ziliamka zikikataa kuingia Linux, kwa madai kwamba sera ya usalama imekiukwa. Watu waliokuwa wakiishi na mifumo miwili kwa amani walijikuta wanalazimika kuchagua.

Wapo wanaochagua upande wa pili. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi nzima kabisa hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwenye mifumo miwili anaweza kuamua kuiondoa Windows na kubaki na Ubuntu. Njia ni ileile, na mtego ni ule wa ile patisheni ndogo ya pamoja. Iliundwa na Windows, ina folda ya Microsoft, inaonekana mali ya Windows, na mtu akiwa na ari ya kusafisha huifuta pamoja na zingine. Lakini humo ndimo anamoishi GRUB. Futa patisheni kubwa ya Windows, iache ndogo ila uondoe folda ya Microsoft iliyo ndani yake, kisha ndani ya Ubuntu andika sudo update-grub ili jina la mfumo uliokufa litoke kwenye menyu.

Ilipofika usiku, laptopu ya mwanetu iliwaka. Nembo ya Windows, duara la nukta zinazozunguka, kisha picha aliyoiweka nyuma ya skrini: tripodi ya kupimia ardhi kwenye kichuguu. Alifungua tasnifu na kushuka nayo ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho. Kisha akanyamaza, akatazama pembeni chini ya skrini.

"Shangazi, ni saa nne usiku. Hii inasema saa moja."

Kosa lilikuwa langu. Kwenye ubao mama kuna saa ndogo inayotembea kwa betri hata kompyuta ikiwa imezimwa. Windows huisoma kama saa ya mahali ulipo. Linux huihesabu kuwa ni saa ya dunia, ile ya Greenwich, kisha huongeza tofauti yenyewe, na kwetu Afrika Mashariki tofauti hiyo ni saa 3. Flashi yangu ya Ubuntu ilipopata intaneti ilirekebisha wakati na kuiandikia saa ya ubao mama kwa kanuni yake. Windows ikaamka, ikaisoma kwa kanuni yake nyingine. Wengi wenye mifumo miwili huku kwetu wameshawahi kukutana na saa hizo 3 na kushangaa.

Nilimwonyesha mahali pa kubonyeza ili ilinganishe na intaneti. Ikaruka kutoka saa moja hadi saa nne na dakika sita. Yeye alikuwa ameshaanza kunakili picha za setilaiti.